Wasichana Waliofichwa Stoo

Namtumbo,
30 Septemba 2024

Adela,

Usishangae kwamba sijaanza na salamu. Jana umenipigia mara nne, na mara zote nne niliiangalia simu ikiita mpaka ikanyamaza. Leo nimeizima kabisa. Sauti yako naijua tangu ukiwa mtoto. Ukikosea inakuwa laini, na mimi nikiisikia hivyo nasahau nilichokasirikia. Safari hii sitaki kusahau. Andika, weka tarehe, weka sahihi, mpe Domina anayeleta maharage jikoni kwenu.

Huyo Domina ndiye aliyenieleza. Alhamisi alimkuta Ida amekaa kwenye mlango wa stoo ya magunia, shingo imevimba upande mmoja, kichwa hakigeuki. Ili amtazame Domina ilibidi ageuze mwili mzima. Domina akamuuliza, "Mwanangu, unalala wapi siku hizi?" Mtoto akaonyesha kwa mkono, humo ndani, sakafuni.

Sakafuni, Adela! Mbwa wangu analala kwenye gunia lililokunjwa mara mbili.

Wewe ndiye matroni wa bweni hilo. Watu waliponiuliza kwa nini nampeleka Ida kidato cha kwanza mbali, nikawajibu kwamba Matogoro si mbali, kuna mama yake mdogo pale, tumbo moja na mimi. Nilijivuna kwa kusema hivyo. Sasa niambie mtoto wangu ana nini, kimempata kwa nani, na hospitali ameenda lini. Mimi niko bondeni kutwa nzima na vitalu vya tumbaku, siwezi kuviacha vikauke kwa siku tatu. Lakini nisipopata jibu lako kufikia Ijumaa, vitakauka.

Dada yako,
Getruda


Matogoro,
2 Oktoba 2024

Dada Getruda,

Shikamoo. Mimi naanza na salamu, maana mama yetu alitufundisha sote wawili.

Umeniandikia kama unamwandikia mwizi. Sasa na mimi nitakuandikia bila kulainisha sauti, kwa kuwa huitaki. Ida ana majipu. Moja kubwa liko kisogoni na mengine madogo yanalizunguka. Unauliza kimempata kwa nani? Kimetoka kwako. Shule ilifungua tarehe 16, na kabla wiki haijaisha jipu lilikuwa limeshaiva. Jipu haliivi kwa siku mbili, dada. Alikuja nalo, akalificha chini ya kola, na mpaka tunalibaini alikuwa ameshalalia mto wa Subira, jirani yake wa kitanda, na kujifutia taulo la Subira. Hivi ninavyoandika wapo kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Kila asubuhi nahesabu shingo.

Kwenu huko mnaoga bondeni, mnarudi na utomvu wa tumbaku mikononi, nyote mnajifutia khanga ile ile. Nimeishi humo, najua. Usiniulize mimi habari za usafi.

Stoo niliwapeleka ili wasiwaambukize wengine, na hilo hata daktari angelifanya. Nawakanda kwa maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni kwa mikono yangu hii, wakati matroni mwenzangu hata kuingia humo ameogopa. Dawa zipo. Wanaendelea vizuri. Magodoro yatapatikana.

Kuhusu hospitali, watapelekwa wote kwa pamoja wiki ijayo. Shule ina utaratibu wake.

Mdogo wako,
Adela


Namtumbo,
4 Oktoba 2024

Adela,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikaisoma tena kwa sauti ili Mungu naye asikie.

Mwanangu aliondoka hapa ngozi safi. Nilimwogesha kichwa mwenyewe siku ya mwisho. Hakuwa na jipu, hakuwa na kipele, hakuwa na chochote. Kama amepata majipu, ameyapatia bwenini kwako, kwenye vitanda vyenu ambavyo shuka zake hufuliwa akija mgeni. Usiniletee habari za khanga ya bondeni. Khanga hiyo hiyo ndiyo iliyokufuta wewe ukakua, ukasoma, ukapata kazi ya kuvaa koti jeupe na kubeba funguo.

"Watapelekwa wiki ijayo." Wiki ijayo kuna nini? Nimemuuliza Domina, akasema wiki ijayo ni mahafali ya kidato cha nne, tarehe 12, jikoni wameshaambiwa idadi ya wageni. Kumbe ndiyo utaratibu wenyewe. Mtoto asubiri kwanza watu wamalize kula pilau.

Tarehe 12 nitakuwepo. Nitasimama mbele ya hao wageni wenu na nitakutaja kwa jina ulilobatizwa.

Getruda


Shuleni,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Barua hii naificha ndani ya gunia tupu la mama Domina, naomba aione kabla hajapanga maharage mengine.

Mama, jana mama mdogo alikuja stoo na barua yako mkononi. Alitusomea kwa sauti pale ulipoandika kwamba niliondoka nyumbani ngozi safi. Halafu akaniambia, "Ida, mama yako anasema mimi ni mwongo. Sema wewe." Wenzangu wote wakanitazama. Nilishindwa kusema kuwa wewe ni mwongo, nikashindwa pia kusema kuwa yeye ni mwongo, kwa hiyo nikalia tu na shingo ikazidi kuuma.

Lakini mama, unakumbuka. Jipu lilianza wiki ya pili ya likizo. Ulilibandika jani la tumbaku ulilolipasha moto, halafu asubuhi ya kuondoka ukaliwekea kitambaa na kunifunga kola mpaka juu. Ukaniambia, "Getini wakikukagua inama kama unafunga kiatu. Wakikuona watakurudisha, na masomo ya mwezi mzima yamekwenda." Niliinama kama ulivyosema, na matroni yule mwingine hakuona.

Mama mdogo naye hajakwambia yote. Jumamosi ya tarehe 21 alitunyoa bweni zima. Mkuu wa shule, mwalimu Polikarp, alisema nywele zote ziondolewe kabla ya mahafali. Mashine ilikuwa moja. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Mashine ilipita juu ya jipu, nikapiga kelele, likatoka damu na maji ya njano. Mama mdogo akasema, "Aa, kumbe una kipele, pole." Akaipuliza mashine, akaipiga brashi, akaendelea na Subira. Baada ya Subira wakafuata wote waliokuwa nyuma. Walionyolewa kabla yangu ni wawili tu, na hao wawili hawana kitu mpaka leo. Tumehesabu wenyewe humu stoo. Sasa tupo kumi na wanne.

Jipu la Subira limetokea puani kwa nje, karibu na mdomo. Juzi mama mdogo alilikamua kwa vidole viwili akisema likitoka kiini litapona. Halikutoka kiini. Leo uso wake umevimba mpaka jicho la kushoto halifunguki, na anatetemeka ingawa tumemfunika magunia matatu. Anamwita baba yake. Baba yake yuko Nakapanya anauza vitu barabarani, hajui lolote. Mimi pia natetemeka lakini si kama yeye.

Mama, tafadhali usije kugombana na mama mdogo. Njoo umchukue Subira.

Mwanao,
Ida


Peramiho, hospitali,
9 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Ida yuko hai, anakula, ameuliza habari zako. Nimeanza na hilo ili usome haya mengine ukiwa umekaa.

Jumatatu alfajiri niliingia stoo na beseni la maji ya moto. Subira alikuwa anaongea Kiyao na mtu ambaye hayupo. Nilimgusa, alikuwa anaungua. Jicho lake la kushoto lilikuwa limetokeza nje ya mahali pake, dada, na la kulia nalo lilikuwa limeanza kuvimba. Niliangusha beseni, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu Polikarp.

Nikamwambia, "Mkuu, yule mtoto wa Nakapanya anakufa."

Akasema, "Matroni, tulikubaliana. Baada ya tarehe kumi na mbili. Ukiwapeleka leo, kesho mji mzima unasema shule yetu ina ugonjwa wa ngozi. Mzazi gani ataleta binti Januari?"

"Hatafika tarehe kumi na mbili."

"Mpe panado. Na ukivuka geti na mwanafunzi bila ruhusa yangu, usirudi."

Nakiri kwako hapa kwa sahihi yangu kwamba wiki nzima kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemkubalia. Aliponiambia tusubiri, nilisema "sawa, mkuu." Nilifikiri nitawaponya mwenyewe na mashine haitatajwa. Kila nilipowakanda nilikuwa najiambia wanaendelea vizuri, na ndivyo nilivyokuandikia.

Nilirudi stoo nikambeba Subira mgongoni kama mtoto mchanga, nikawaambia Ida na wengine watatu waliokuwa na homa wanifuate. Getini mlinzi Cornel akasimama mbele yangu. "Matroni, nimeambiwa nisifungue." Nikageuza mgongo, nikamwonyesha uso wa yule mtoto. Cornel akafungua geti pande zote mbili, kama linavyofunguliwa kwa gari la mgeni rasmi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha Noah ya abiria iendayo Peramiho.

Daktari alimwangalia Subira kwanza. Akauliza, "Hili la puani limekamuliwa. Nani amekamua?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema mishipa ya hapo puani na mdomoni inapanda hadi ndani ya kichwa, jipu la hapo haliguswi kwa vidole hata likiiva vipi. Nilichofanya ni kuusukuma usaha upande wa kwenda juu. Wamemwekea dripu za dawa kali na hawajui kama jicho la kushoto litaona tena.

Halafu akamwinamisha Ida, na mwingine, na mwingine. Akapitisha kidole kwenye visogo vyao. Majipu yao yote yalikuwa yamefuata njia ya mashine.

"Mlinyolewa lini? Mashine ngapi?"

"Moja."

"Kati ya kichwa na kichwa uliisafisha na nini?"

"Na brashi yake."

Akachukua kalamu ya wino na kuchora mstari kwenye shingo ya Ida, kuzunguka pale palipokuwa pekundu. Akasema wekundu ukivuka mstari kufikia jioni, vijidudu vinatembea chini ya ngozi. Ulivuka kwa vidole viwili. Wakampasua usiku ule ule, nikamshika mikono. Usaha uliotoka ulijaza kile kisahani chao. Asubuhi ya leo wekundu umerudi ndani ya mstari.

Nesi mmoja anayeitwa Benigna amenikalisha chini kama mwanafunzi. Ananionyesha kuosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda na baada ya kukigusa, kukifunika kisibaki wazi, na bandeji iliyotoka kuichoma badala ya kuitupa jalalani. Kila mtoto awe na taulo lake na beseni lake. Shuka na nguo zichemshwe, zianikwe juani, zipigwe pasi. Wembe au mashine isitoke kichwa kimoja kwenda kingine kabla ya kusafishwa kwa spiriti, na mwenye jipu asinyolewe kabisa. Kukanda kwa maji ya moto nilikuwa sawa, lakini ile chumvi nilikuwa nawaunguza bure, na kitambaa nilikuwa natumia kimoja kwa wote kumi na wanne. Dada, nilikuwa nawatibu na kuwaambukiza kwa mkono ule ule.

Tisa bado wako stoo. Simu ya Bakili, baba yake Subira, haipatikani. Kesho alfajiri naondoka kwenda Nakapanya kumweleza uso kwa uso. Ukija utamkuta Ida wodi ya watoto, kitanda cha dirishani.

Barua ya Ida niliisoma kabla Domina hajaondoka nayo. Niliikuta kwenye gunia, nikaisoma, nikairudisha. Kwa hiyo najua kuhusu ile kola. Sina haja ya kukuandikia chochote juu yake.

Adela


Peramiho,
13 Oktoba 2024

Adela,

Nilifika Alhamisi mchana. Nimekuta umeshaondoka kwenda Nakapanya, na nilikuwa nimekuja nimejiandaa kukupiga. Ilibidi nikae kitako pembeni ya kitanda cha mwanangu na mkono wangu bure. Barua hii namwachia nesi Benigna, atakupa ukirudi.

Ndiyo, niliona jipu. Nililiona, nikalibandika jani, nikamfunga kola, nikamfundisha mtoto kudanganya getini. Kisha nikaandika kwamba aliondoka ngozi safi, na nikamwita Mungu asikilize. Siku zote hizo nilikuwa nakasirika kwa nguvu ili nisilikumbuke lile jani.

Sasa nikwambie habari za jana, maana utasikia za mitaani.

Nilikwenda kwenye mahafali. Nilikaa nyuma kwenye turubai, nguo yangu ya kanisani. Mwalimu Polikarp akasimama na karatasi yake, akashukuru wageni, akasema shule ni salama, afya za wasichana ni njema, "isipokuwa watano hivi wenye malaria, wanaendelea na matibabu."

Nikasimama. Sikumbuki kuamua kusimama.

Nikasema, "Si malaria. Ni majipu, na wengine tisa umewafungia stoo nyuma ya jiko."

Akasema kwa upole, kipaza sauti mdomoni, "Mama, kaa, tutaongea baadaye."

"Sikai."

Mwalimu mmoja akanishika mkono. Nikamwambia aniachie au nitapiga yowe ambalo mgeni rasmi hatalisahau. Akaniachia. Nilikuwa nimekuja kukutaja wewe, Adela. Jina lako lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilipowaangalia wale wanawake wenye maua ya kuwavisha watoto wao, nikaona kwamba nikianza na wewe nitaishia na wewe, na mimi nitaondoka pale mzazi mwema aliyedhulumiwa.

Nikasema, "Jipu la kwanza lilitoka nyumbani kwangu. Mimi mama Ida nililiona nikalificha, nikamleta mtoto wangu akalala na watoto wenu. Likapita kwenye mashine ya kunyolea wasichana wote. Na huyu hapa aliambiwa, akasema wasubiri sherehe. Mtoto wa mwenzetu mmoja anapoteza jicho."

Unafikiri walinipigia makofi? Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili. "Mchafu wewe! Umetuletea ugonjwa!" Mwingine akanivua kilemba. Sikuwarudishia. Kisha yule yule aliyenisukuma akasema, "Stoo iko wapi?" na wote wakainuka, maua yao mikononi, wakazunguka jiko. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Cornel alikuja akauvunja kwa sululu bila kuambiwa na mtu.

Sitaki kuandika tulivyowakuta. Mmoja alikuwa ni mtoto wa yule mama aliyenisukuma. Alikuwa ameambiwa kwamba binti yake yuko kwenye mazoezi ya kwaya.

Leo maafisa afya wamekuja kutoka mjini. Wametoa magodoro yote juani, wamechukua ile mashine, wamemkagua kila msichana, na watatu wengine wameonekana wanaanza. Wametibiwa majipu yakiwa bado madogo. Wale tisa wako hapa wodini na wazazi wao. Mwalimu Polikarp anasema hakujua lolote, matroni alimficha. Kuna barua yako ya kufukuzwa kazi, Cornel amenipa. Sijaifungua.

Bado nimekukasirikia. Ulimnyoa mtoto anayetoka damu ukaendelea na mwingine, kisha ukanitukana mimi na khanga yangu. Nikikuona sijui nitafanya nini. Lakini uliyembeba mgongoni alikuwa mtoto wa mtu usiyemjua, na wangu ukamwacha atembee, na hilo ndilo neno moja la barua yako ambalo sikulipinga.

Getruda


Nakapanya,
4 Novemba 2024

Kwa Bi Adela,

Salaam. Subira ameruhusiwa, tumefika nyumbani juzi salama, alhamdulillahi. Jicho la kulia linaona vizuri. La kushoto halioni, na madaktari wamesema halitaona. Amekuwa anaukosa mlango, anajigonga bega. Mama yake amesogeza vyungu vyote upande mmoja wa uwanja. Dada yako alimletea kitabu cha hesabu, naye ameanza kukisoma.

Ulipokuja hapa kwangu ile Alhamisi ukanikuta kwenye meza yangu ya barabarani, ulisimama ukasema yote bila kukalishwa. Ulisema "nilikamua mimi," na ukasema "nilikubali kusubiri." Nilikufukuza. Nilikurushia kiti. Sijutii kile kiti, Bi Adela, wala sikuombi radhi.

Sasa Bi Getruda amenieleza kuwa ofisi ya elimu imekuita tarehe 11 uende kutoa maelezo pamoja na yule mkuu, na kwamba wewe unafunga mizigo kwenda Mbeya. Amesema unaona haya. Amesema pia mkuu ana mashahidi wawili wa kuapa kwamba uliwaficha watoto peke yako, kwa hiyo unaona hakuna faida.

Mimi ni mtu wa kuuza korosho na betri za tochi. Mwanangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika kidato cha tatu. Pale stoo alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa hapa napunga mkono kwa magari. Siwezi kulala nikifikiria hilo. Sasa unataka kwenda Mbeya ukapumzike na haya yako, na mimi nibaki na yule mkuu akinyoa watoto wengine?

Hutakwenda Mbeya. Utakwenda Songea, utasimama mbele ya wale watu na utasema kama ulivyosema mezani kwangu, lako lote na la mkuu lote, neno kwa neno, hata kama na wewe watakufunga. Ukisema la kwake tu ukaacha la kwako, nitasimama nilitaje mimi.

Tarehe 11 nitapanda basi la kwanza. Nitakaa kiti cha nyuma yako. Usigeuke kunisalimu, sijafikia hapo. Nitakaa tu, ili ukianza kupunguza sauti ujue kuna mtu anasikiliza.

Bakili,
baba yake Subira